Xavery Lugembe na Vidato Ishirini na Viwili

Kipande cha video cha sekunde arobaini kilichozunguka kwenye simu za watu wa Tabora tangu Machi 2024 kinaonyesha jambo lililotokea kweli, lakini maneno yaliyoandikwa chini yake ni ya uongo. Anaonekana mzee mnene aliyevaa kanzu na kofia, ameshika upande wa mbele wa jeneza katikati ya shamba huko Ntalikwa, jasho linamtoka, anapiga kelele: "Mzito huyu! Mnyamwezi gani anabebwa? Mshusheni ajibebe mwenyewe!" Baadhi ya waombolezaji wanacheka. Wengine wametumbua macho. Chini yake mtu asiyejulikana ameandika: "Bosi amkejeli mfanyakazi aliyemfukuza, amfuata hadi kaburini."

Xavery Lugembe hakufukuzwa kazi. Alifanya kazi miaka thelathini na minne na akastaafu kwa heshima. Barua yake ya kustaafu ipo kabatini, na mihuri yake inasomeka. Daktari Sabiri, yule mzee wa kwenye video, hakumkejeli marehemu. Na jogoo ambaye daktari aliondoka naye siku ile hakuwa hongo, wala zawadi ya mapenzi, kama walivyosema wanawake wawili wa mtaa wa Cheyo ambao majina yao yanajulikana. Jogoo hakutolewa. Alichukuliwa, kama mtani anavyochukua, na hiyo ilikuwa mara ya pili.

Kwa kuwa wanaosimulia ni wengi kuliko waliokuwepo, ni afadhali habari hii iandikwe mara moja, tangu mwanzo.

Xavery alizaliwa Ipole, wilaya ya Sikonge, mwaka 1963, mtoto wa tatu wa Mzee Dionis Lugembe, mlina asali aliyelima pia tumbaku. Nyumba yao ilikuwa hatua chache tu kutoka njia ya zamani ya misafara, na babu wa Mzee Dionis alikuwa mpagazi aliyefika Bagamoyo kwa miguu mara tatu, na mara tatu akarudi. Katika ukoo huo kubeba hakukuwa kazi ya mnyonge. Mwanamume alipimwa kwa alichokibeba, na kwa namna alivyonyamaza akiwa amekibeba. Xavery alianza kupimwa akiwa na miaka kumi na miwili, kwa debe la asali kutoka porini hadi barabarani. Siku alipolifikisha bila kupumzika, baba yake hakumsifu. Alimwambia tu akanawe mikono, aje kula na wakubwa.

Hiyo ndiyo tabia aliyoingia nayo hospitalini mwaka 1989, mhudumu wa wodi kwanza, baadaye muuguzi mwenye cheti, na mwishoni msimamizi wa wodi ya wanaume. Walioandika kwamba alikuwa "mfagizi" wangeuliza kwanza. Ingawa kufagia alifagia pia, zamu ikiwa haina mtu, wala hakuona aibu.

Jina la hospitali halina sababu ya kuandikwa. Wanaoijua wanaijua, na wanaoiongoza leo si wale wa wakati ule. Inatosha kusema kwamba jengo lake kubwa lilikuwa bweni la shule kabla halijawa hospitali. Chumba cha upasuaji kiliwekwa chini, wodi ya wanaume ikawekwa ghorofani, na katikati yake kulikuwa na ngazi ya saruji yenye vidato ishirini na viwili. Lifti haikuwepo. Machela ya magurudumu ilikuwepo moja, nayo kwenye ngazi haikuwa na msaada wowote.

Utaratibu ulisema mgonjwa abebwe na watu wanne, ndani ya blanketi. Lakini hao wanne wangetoka wapi? Zamu nzima ilikuwa na wahudumu wawili, na mmoja wao mara nyingi alikuwa amepeleka vipimo maabara. Xavery akabuni njia yake. Wa kupasuliwa tumbo hakuwagusa, hao walisubiri watu wapatikane. Lakini wa mguu, wa jicho, wa homa iliyomaliza nguvu, wote walipita mgongoni kwake. Alimkalisha mgonjwa kitandani, akampa mgongo, akamfunga kwa kanga mbili kama mama anavyombeba mtoto, kisha akapanda naye huku akihesabu vidato kwa sauti ili mgonjwa ajue wamefika wapi. Ndugu za wagonjwa walisimama chini wakapiga makofi. Mwaka 1998, siku ya Mei Mosi, alitangazwa mfanyakazi bora, akapewa cheti na redio. Cheti kilitundikwa sebuleni, juu ya kiti chake. Uongozi ulifurahi, na ukitazama sasa unaelewa kwa nini: mtu mmoja alikuwa akifanya kazi ya wanne na kushukuru kwa redio.

Kila mhudumu mpya aliyeletwa, Xavery alimfundisha kufunga kanga.

Wenzake walimchagua mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi mwaka 2009, na hapo ndipo walipomjua vizuri. Wakati huo wahudumu walikuwa wakifua glovu zilizokwisha kutumika na kuzianika kwenye kamba kama soksi. Xavery alifungua kamba hiyo na glovu zake zote, akaingia nayo kwenye ukumbi wa mikutano, akaifunga kutoka dirisha hili hadi lile, juu ya vichwa vya wajumbe wa bodi, kisha akakaa chini. Glovu mpya zilifika wiki iliyofuata. Alidai muuguzi wa pili katika zamu ya usiku, maana mmoja alikuwa akiachiwa vitanda arobaini. Huyo alichukua miaka miwili kupatikana, lakini alipatikana. Alidai chumba cha kupumzikia, akapata stoo yenye dirisha moja, akaipaka rangi mwenyewe.

Kuhusu ngazi hakuwahi kusema lolote. Ngazi ilikuwa fahari yake, na hilo ndilo kosa lake. Yeye mwenyewe alilitaja hivyo, kwa hiyo si vibaya kulitaja hapa.

Daktari Sabiri aliletwa kuwa Mganga Mfawidhi mwaka 2012. Ni Mzaramo wa Kisarawe, mtu wa mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi. Siku yake ya kwanza alikuwa akipanda ngazi ile akihema, akakutana na Xavery anashuka na mgonjwa mgongoni.

"Wee Mnyamwezi!" daktari akasema, hata salamu bado. "Tangu Bagamoyo hujatua tu?"

Xavery hakusimama. "Nitatua nikimpata Mzaramo wa kunipokea. Kila nikifika pwani nawakuta mnacheza ngoma."

Mgonjwa alicheka hadi kanga ikalegea. Tangu siku hiyo walikuwa watani waliokamilika, kama babu zao walivyokuwa tangu zama za misafara. Daktari alimwita punda, Xavery alimwita mtumwa. Daktari akipita wodini saa ya chai alichukua kikombe cha Xavery na kunywa, na Xavery akiingia ofisini kwa daktari alivaa miwani ya daktari na kukalia kiti chake. Wafanyakazi walipenda kuwasikiliza. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna siku maneno yale yatapigwa chapa.

Agosti 2017 mhudumu mmoja wa wodi, Suzana, mwenyeji wa Nzega, mama wa watoto wawili, alikuwa akipanda na mgonjwa mgongoni. Alikuwa peke yake. Kwenye kidato cha kumi na saba alisikia kitu kikikatika kiunoni. Hakumwangusha mgonjwa. Alimalizia vidato vitano vilivyobaki, akamfikisha kitandani, akafungua kanga, akazikunja, ndipo akalala sakafuni. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Jioni alipelekwa kwake, na taarifa ya kuumia ikapelekwa kesho yake. Kwa sababu hiyo, kwenye fomu iliandikwa kwamba amepata maumivu ya mgongo "akiwa nyumbani". Miezi mitatu baadaye akapokea barua ya kumwita apimwe, ili aachishwe kazi kwa ugonjwa.

Xavery alikwenda kumwona katika chumba alichopanga huko Cheyo. Alimkuta amelala juu ya mkeka, maana godoro lilimtesa.

"Shikamoo, Baba Ng'washi," Suzana akasema. Ng'washi ni binti mkubwa wa Xavery. "Nisamehe, siwezi kuinuka."

"Marahaba. Kaa hivyo hivyo, mwanangu."

"Nilimfikisha lakini."

"Nimeambiwa."

"Hata kuguswa na ukuta hakuguswa."

"Najua, Suzana."

Akacheka kidogo, kisha akakunja uso kwa maumivu. "Ulinifundisha kufunga kanga. Ukanifundisha kuhesabu vidato. Kusema 'sibebi', hilo hukunifundisha, Baba Ng'washi."

Xavery alirudi nyumbani, akapanda juu ya kiti chake, akakitoa kile cheti ukutani. Alikifunga kwa gazeti, akakisukuma chini ya kabati. Mke wake, Asnath, mwalimu wa sekondari, alimuuliza kulikoni.

"Mama Ng'washi," akasema, "kile si kitu cha kutundika."

Aliandika barua mbili kwa uongozi kuhusu Suzana na ngazi. Zote mbili, alipofuatilia masjala, hazikuonekana. Akaamua kusubiri baraza la wafanyakazi, ambalo hukutanisha uongozi na chama mara moja kwa mwaka, na muhtasari wake husainiwa na pande zote mbili. Barua hupotea. Muhtasari wenye saini za pande mbili haukuwa na pa kupotelea.

Baraza lilikaa Februari 2018. Mwenyekiti wake kwa cheo alikuwa Daktari Sabiri. Mwandishi wa muhtasari alikuwa Leodgar, afisa utumishi mwenye miezi sita tu Tabora, kijana aliyesoma vizuri na mwenye mwandiko mzuri, aliyekulia kwenye nyumba za geti ambako jirani humjui hata jina. Hakuwa na mtani hata mmoja duniani.

Ilipofika ajenda ya saba Xavery alisimama, akataja mambo matatu. Mfanyakazi yeyote asibebe mgonjwa peke yake. Wodi ya wanaume ishushwe chini, au ujengwe mteremko wa zege wa kupitisha machela. Na jeraha la Suzana liandikwe kwamba limetokea kazini, saa za kazi, kwenye ngazi ya hospitali.

"Ngazi ilikuwepo tangu enzi za bweni," daktari akajibu. Hilo ndilo jibu alilopewa na bodi, na alilitoa kama alivyopewa. Kisha akaongeza la kwake: "Wewe Mnyamwezi si ndiyo ngazi yako hiyo? Si ulipewa redio?"

Ukumbi ukacheka.

"Redio ilikufa, mtani," Xavery akasema. "Na mgongo wa Suzana umekufa. Sasa sikiliza, wewe Mzaramo. Wewe ni mtumwa wangu tangu Bagamoyo. Babu yangu alikuacha pwani kwa sababu hukuweza kubeba hata kibuyu cha maji. Inuka hapo! Nibebe mimi hadi ghorofani. Ukinifikisha bila kupumzika, nafuta madai yote. Ukigoma, nakubeba mimi kwa nguvu, uone ngazi ilivyo."

"Nikubebe punda mzima? Una kilo ngapi?"

"Sabini na nane."

"Mama yangu wee!"

"Mgonjwa wa Suzana alikuwa na themanini na tano," Xavery akasema. "Suzana ana hamsini na sita."

Hakuna aliyecheka tena. Daktari aliinamisha kichwa akatazama meza. Na Leodgar, kwa mwandiko wake mzuri, alikuwa ameandika kila neno.

Wiki mbili baadaye Xavery alikabidhiwa hati ya mashtaka ya kujibu mbele ya kamati ya nidhamu. Ilisema amemtukana mkuu wa kazi hadharani kwa kumwita mtumwa, na amemtishia kumbeba kwa nguvu. Wodi nzima ilicheka siku tatu. Wafuaji wa dobi walimwekea kanga mbili mezani na karatasi: "Za kumbebea Mfawidhi." Kila aliyekutana naye alimwambia lilelile: nenda kaseme ni utani, dakika tano umemaliza. Yeye mwenyewe alifikiri hivyo.

Asnath ndiye aliyeigeuza hati ya mashtaka na kusoma nyuma. Kulikuwa na maelezo ya afisa utumishi: endapo kamati itaona maneno yale ni mzaha, basi hotuba yote ya ajenda ya saba itahesabiwa kuwa mzaha, na itaondolewa kwenye muhtasari, kwa kuwa kikao rasmi hakiandiki mizaha. Alisoma mara mbili, akavua miwani.

"Baba Ng'washi, wakifuta mtumwa, wanamfuta na Suzana."

Xavery aliichukua hati akaisoma mwenyewe. Fidia ya Suzana ilihitaji karatasi inayoonyesha kwamba mwajiri alijulishwa, na ilitakiwa ifike kabla mwaka haujaisha tangu aumie. Baraza lingine lilikuwa mwaka unaofuata. Karatasi pekee duniani yenye jina la Suzana na ngazi ile kwa pamoja ilikuwa ajenda ya saba.

"Kwa hiyo nikisema nilitania, nimepona mimi," akasema.

"Ndiyo."

"Na nikisema nilitukana?"

"Unaweza kufukuzwa. Miaka mitano kabla ya kustaafu."

Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la kufukuzwa tu. Kwa Xavery lilikuwa zaidi. Mtu aliyelelewa Ipole, kusimama mbele ya kamati na kusema kwamba maneno aliyomwambia mtani wake ni matusi, ni kuukana utani wenyewe. Ni kusema kwamba babu zake walipofika pwani walikuwa wakitukana watu. Na ilikuwepo shida nyingine isiyokuwa mikononi mwake. Kamati ingemuuliza daktari: je, ulitukanwa? Naye daktari akijibu alivyopaswa kujibu mtani yeyote mwenye akili, yaani hapana, mashtaka yangekufa papo hapo, na ajenda ya saba ingekufa nayo.

Jumapili kabla ya kikao, Daktari Sabiri alikuja nyumbani Cheyo. Alifika saa saba mchana, familia ikiwa imetoka kanisani, akala, akakaa hadi saa tisa. Alipotoka alipita uani, akafungua banda, akachagua jogoo mwekundu aliyekuwa mkubwa kuliko wote, akamkwapua na kuondoka naye mtaa mzima ukiona. "Mwizi huyo!" Xavery alipiga kelele kutoka mlangoni. "Mshike!" daktari akajibu bila kugeuka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya utani watu waliyowasikia wakirushiana kwa miaka sita.

Kamati ya nidhamu ilikaa Jumatano. Mwenyekiti wake alikuwa Bi Tekla, mjumbe wa bodi, hakimu mstaafu, mwanamke asiyependa kupotezewa muda.

"Ndugu Lugembe," akasema, "nimekulia mkoa huu. Mimi najua utani ni nini. Sema neno moja turudi makwetu."

"Mheshimiwa, kosa nimelielewa. Nimelikubali."

"Hebu sikiliza vizuri. Nakuuliza kama ulikuwa unatania."

"Nimelikubali kosa, Mheshimiwa. Yote yaliyoandikwa kwenye ajenda ya saba niliyasema, na niliyasema nikimaanisha. La kwanza hadi la mwisho."

Bi Tekla akaweka kalamu chini. Kisha akamgeukia daktari, na sura yake ilionyesha kwamba anategemea upuuzi huu uishie hapo.

"Daktari, huyu ni mtani wako?"

"Ni mfanyakazi wangu."

"Sijauliza hivyo. Alipokuita mtumwa, ulitukanwa?"

Daktari Sabiri alichomoa leso akajifuta shingo. "Nilitukanwa," akasema. "Liandikwe hivyo hivyo. Na muhtasari ubaki ulivyo, wote, usiguswe hata nukta."

Waliokuwemo wanasema chumba kilikuwa kizito kama cha msiba. Leodgar peke yake aliridhika, maana muhtasari wake ulikuwa umethibitishwa.

Bi Tekla alitoa adhabu ndogo kuliko alivyoweza: onyo la mwisho kwa maandishi, kuondolewa usimamizi wa wodi, kuhamishiwa dobi. Kabla hajafunga faili alisoma tena ajenda ya saba, safari hii polepole, akiweka kidole chini ya kila mstari. Alipofika mwisho alisema, bila kumtazama mtu, "Nakala moja ipelekwe ofisi ya kazi. Leo."

Yaliyofuata yanajulikana na yanaonekana kwa macho. Mkaguzi alifika akiwa na nakala hiyo. Uongozi ulipoanza kusema haukuwa na taarifa, aliwawekea mezani muhtasari wao wenyewe, wenye saini zao wenyewe. Wodi ya wanaume ilishushwa chini kabla ya Juni. Mteremko wa zege ulijengwa mwaka 2020, na machela tatu mpya zinapita hapo. Jeraha la Suzana liliandikwa upya: kazini. Alitibiwa, akapata fidia yake, na leo anakaa mapokezi kwenye kiti chenye egemeo. Ukutani, chini ya ngazi, kuna tangazo: mgonjwa habebwi na mtu mmoja. Wahudumu wapya hawajui limetoka wapi, wala hawana haja ya kujua.

Lakini Xavery aliyalipia hayo. Jamaa wa Ipole walikuja wawili, wazee, wakamwambia amewaaibisha. Mnyamwezi hakiri tusi kwa Mzaramo. Aliwapa chai akawasikiliza hadi mwisho. Mitaani ikasemwa kwamba alikiri kwa sababu alikuwa na mengine ya kuficha. Kwa upande wa daktari yakasemwa mabaya zaidi, kwamba ni mtu aliyeukana utani wake mwenyewe, na watani wengine mjini waliacha kumtania, jambo ambalo kwa Mzaramo ni kama kunyimwa salamu. Wawili hao walipokutana kwenye korido walisema "habari za kazi" na "nzuri", wakapita. Mtu yeyote akisikia wanataniana angeweza kuuliza swali, na swali likiulizwa faili lingefunguliwa. Xavery hakumweleza mtu. Alinyamaza kama alivyofundishwa kunyamaza, akiwa na mzigo.

Kule dobi hakukaa bure. Wiki ya kwanza aligundua kwamba wanawake wawili walikuwa wakinyanyua mabeseni ya mablanketi yaliyolowa maji, mara sitini kwa siku. Mwezi wa pili walikuwa na toroli. Wafanyakazi walimchagua tena mwenyekiti wa tawi mara mbili, kura zote, akiwa na harufu ya sabuni. Alistaafu mwaka 2023, akawa anakaa zaidi shambani kwake Ntalikwa, akatundika mizinga minane ya nyuki. Machi mwaka uliofuata alipata kiharusi asubuhi akivaa viatu, na jioni yake akafariki.

Daktari Sabiri alikuwa amestaafu kwao Kisarawe. Alisafiri kwa treni, akafika Ntalikwa jeneza likiwa tayari limetolewa ndani. Hakusalimia mtu. Alimsukuma kando kijana aliyeshika upande wa mbele, akaweka bega lake, mtu wa miaka sitini na mitano mwenye presha, akaanza kupiga kelele zile zilizomo kwenye video: mzito huyu, Mnyamwezi gani anabebwa, mshusheni ajibebe. Sylvester, mdogo wa marehemu, aliyetoka Ipole, ndiye aliyeelewa kwanza. Akamjibu kutoka upande wa nyuma: "Beba, mtumwa! Hatimaye umejifunza!" Hapo ndipo kicheko kilipoanzia. Wazee walicheka machozi yakiwatoka, maana walikuwa wamengoja miaka sita.

Video inakatikia hapo. Haionyeshi kwamba daktari alibeba hatua mia mbili zote, kutoka mlangoni hadi kaburini, wala hakukubali kupokewa. Haionyeshi Suzana akitembea nyuma yake, amenyooka, akihesabu kwa sauti ya chini. Haionyeshi kwamba jeneza lilipokwisha kushushwa, daktari aliketi juu ya udongo na kanzu yake nyeupe, akafunika uso kwa kofia, wala hakuweza kuinuliwa kwa muda. Baadaye alipita uani, akafungua banda, akachukua jogoo. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumwita mwizi. Mjane akasimama mlangoni, akapiga kelele yeye: "Mwizi huyo!"

Sasa wapo wanaouliza, wengine kwa simu, wengine hadi kanisani: Jumapili ile ya mwaka 2018, kati ya saa saba na saa tisa, Xavery na daktari walizungumza nini? Walipatana? Nani alilianzisha? Mjane alikuwepo. Alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, akasikia kila neno tangu la kwanza hadi la mwisho.

Hatasema. Asiulizwe tena.